Nasaba ya Msimulizi katika Siku Njema

Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alizaliwa Bungoma na kukulia upande wa Kitale, mbali na mwambao. Hata hivyo msimulizi wa Siku Njema (1996), riwaya yake ya kwanza, ni kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu. Ni rahisi kuufasiri uteuzi huu kuwa ni heshima ya mtu wa bara kwa pwani. Fasiri hiyo haitoshi. Kongowea, akiisha kufiwa na mama, anafunga safari kumtafuta babaye. Na babaye yuko Kitale. Lugha imetoka kwa mama, nasaba imetoka bara. Swali la nani mwenye Kiswahili linageuka kuwa swali la mirathi, na hapo ndipo ulipo ujasiri wa mtunzi.

Kasoro ipo. Methali zimesongamana mno. Hata anapoomboleza, Kongowea huomboleza kwa misemo, mithili ya mgeni aonyeshaye cheti mlangoni. Walibora hakuishi kwa riwaya pekee: alikuwa afisa wa urekebishaji tabia, mtangazaji, mhadhiri. Riwaya yenyewe ilitahiniwa katika shule za upili, na huko (ajabu kidogo) kasoro hiyo ikawa mtaji: mwalimu alizihesabu methali, mtahini akazitungia maswali.