Wapimaji wa Maji Kutoka Angani

Pongezi zangu ziwaendee wanaopima maji bila kuyagusa. Mwezi Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha satelaiti ya TOPEX/Poseidon ili ipime kimo cha bahari, maana pale uso wa bahari unapoinuka na kuinama ndipo mikondo yake mikubwa hujulikana. Kutoka kilomita 1,336 juu, rada hutuma mawimbi, huyapokea yakirudi, na muda wa safari hiyo hutoa kimo cha maji, mawingu yawepo yasiwepo. Warithi wake, Jason na Sentinel-6, wamefuata njia ileile, wakirudia kila baada ya siku 10 hivi.

Bahari iko mbali na Kampala, lakini Ziwa Viktoria liko karibu, Ggaba na Port Bell, na rada hizi hupima maziwa pia. Viktoria liliposhuka mwaka 2005 na 2006, ukame ulibebeshwa lawama nyingi. Vipimo vya rada vilikuwa wazi kwa yeyote kuvisoma. Wataalamu walipochunguza mahesabu ya maji, ilibainika kuwa mabwawa ya Nalubaale na Kiira, kule Jinja, yalikuwa yakitoa maji kupita kiwango kilichokubaliwa. Hilo ndilo ninalolithamini kuliko yote: kipimo kisichoomba ruhusa ya mtu.

Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na nyumba za ufukweni zikaingiliwa na maji. Wanaoidhinisha ujenzi kando ya ziwa wavisome vipimo hivi kabla ya kutia sahihi.