Mpira Uko Wapi?

Mtangazaji wa mpira hapimwi na mtu aliyekaa jukwaani, wala na aliye mbele ya televisheni. Hao wana macho yao. Anayestahili kumpima ni yule asiyeuona uwanja kabisa. Mimi kipimo changu nilikipata Habaswein, katika duka la mabati kando ya barabara ya Garissa kwenda Wajir, Jumamosi tarehe 5 Desemba 1987, siku Gor Mahia ya Kenya ilipocheza na Espérance ya Tunisia pale Kasarani, Nairobi, katika marudiano ya fainali ya Kombe la Mandela, kombe la klabu za Afrika.

Redio ilikuwa moja tu. Mwenye duka alikuwa ameanika betri zake juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kumaliza dakika tisini, na kwenye eriali alikuwa amefunga waya uliopanda mpaka juu ya mgunga. Upepo ulivuma, na jina la mji wetu kwa Kisomali ni vumbi kubwa, kwa hiyo tulijibana ndani. Kufika Kasarani hakukuwa jambo la kuamka na kupanda gari. Sheria ya hali ya hatari ilikuwa bado inaukalia mkoa wetu wa Kaskazini Mashariki, ikaja kuondolewa mwaka 1991, na wazee wakimwona mtu anakwenda Nairobi walisema anakwenda Kenya. Uwanja wetu sisi ulikuwa sauti.

Nilikuwa mvulana wa shule, na kazi yangu ilikuwa kufasiri. Sauti ya Kenya, ambayo iliitwa KBC kuanzia 1989, ilitangaza kwa Kiswahili, na wazee waliokaa juu ya magunia ya sukari walitaka Kisomali papo hapo. Adeer yangu, ndugu wa baba, kila niliponyamaza alinigonga goti kwa fimbo, akiniita wiil, mvulana: "Wiil, mpira uko wapi?"

Hakuuliza nani anao. Aliuliza uko wapi, na hilo ndilo swali la kwanza la kumpimia mtangazaji. Akipiga kelele "Lo! Hatari! Hatari hapo langoni!" mimi mfasiri nimekwama, maana sijui lango la nani, wala hatari imetoka kulia au kushoto. Lakini akisema mpira uko wingi ya kulia, karibu na kibendera cha kona, beki ameutoa nje na Gor watarusha, nafasiri neno kwa neno na mzee anauona. Kabla ya mechi kuanza, mtangazaji hodari hukupangia uwanja: timu hii inashambulia kutoka kushoto kwako kwenda kulia, jua liko mgongoni mwa kipa fulani. Baada ya mapumziko hukumbuka kuugeuza. Wengi hawaugeuzi, na msikilizaji hukaa nusu saa akishangilia mashambulizi ya adui.

Majina nayo yana ufundi wake. Hebu sikiliza kikosi cha siku ile kwa sikio la mfugaji wa Kisomali: Ochieng, Oduor, Ogolla, Ocholla, Otieno, Onyango. Majina yote yanaanza na sauti moja, na redio inakwaruza. Kilichotuokoa ni majina ya utani. Austin Oduor, nahodha, ni Makamu. Tobias Ocholla ni Jua Kali. Abbas Khamis Magongo ni Zamalek. Wazee hawakuhitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu kwetu pia, palipo na akina Abdi watano, mmoja ni Mrefu, mwingine ni Mkono wa Kushoto, na hakuna anayekosea. Ila jina la utani lisiloambatana na kazi ya mchezaji ni pambo tu. Aliye bora husema "Makamu, beki wa kati" mara mbili tatu za mwanzo, kisha hukuachia mwenyewe. Na majina ya wageni huyatafuta kabla ya mechi. Kuwaita wapinzani "yule mwenye jezi namba saba" kutwa nzima ni uvivu, na siusamehe hata leo.

Halafu kuna hesabu. Mechi ya kwanza, Tunis, ilikuwa imeisha mbili kwa mbili. Ya Nairobi ikafika bao moja kwa bao moja. Kwa mtu asiyejua kanuni, jumla ni tatu kwa tatu na hakuna mshindi. Kwa anayejua, Gor ilikuwa bingwa kwa mabao ya ugenini, mawili yake kwa moja la Espérance, na bao moja tu la Espérance lingepindua kila kitu. Mtangazaji anayejua kazi hurudia hesabu hiyo pamoja na dakika, kwa sababu daima kuna mtu ambaye ndiyo kwanza ameingia dukani akitoka kisimani na ngamia wake. Nilimweleza adeer hesabu hiyo mara nne. Mara ya nne alinyamaza, akaiweka fimbo chini.

Hofu nayo ilikuwa na historia. Mwaka 1979 Gor ilifika fainali ya kombe hilohilo ikachapwa na Canon ya Yaoundé mabao mawili Nairobi na sita Kamerun. Mtangazaji mwenye kumbukumbu hulitaja jambo kama hilo kwa sentensi moja, mpira ukiwa umetoka nje. Akilisimulia mpira ukiwa unachezwa, ameniibia mchezo.

Kuhusu sauti yenyewe, mfano wangu ni Leonard Mambo Mbotela, mtu wa Mombasa, aliyefariki Februari 2025. Wengi wanamkumbuka kwa kipindi chake "Je, Huu ni Uungwana?", lakini sisi wa mbali tulimpenda kwa kutamka kila silabi mpaka mwisho, kwani mawimbi yakichafuka silabi za mwisho ndizo zinazopotea kwanza. Hakuanza juu. Anayeanza juu dakika ya kwanza hana pa kupanda bao likiingia. Na bao likiingia, napenda atulie kidogo niwasikie watu wa uwanjani, kisha anisimulie tena polepole: nani alitoa pasi, mguu gani, kona ipi ya wavu. Nililifasiri bao la Gor, la Peter Dawo, huku watu wakirukaruka hata redio ikaanguka kwenye unga.

Ukitaka kumpima mtangazaji wa leo, igeuzie televisheni mgongo kwa dakika tano. Kisha chukua kijiti, uchore mchangani mpira ulipopita. Mchoro ukikatika katikati, aliyekatika ni yeye.

Dakika za mwisho betri zilianza kufa. Sauti ikawa ndogo, tukaibana redio kwa vichwa, wazee na watoto, pua kwa pua. Firimbi ilisikika kama mlio wa mbu. Nikasema kwa Kisomali kwamba Gor ni bingwa wa Afrika. Adeer alinitazama, bado hajaridhika.

"Na mpira?"

"Refa ameushika, adeer."

Akasimama, akajipangusa unga.