Anza na Toleo la Zamani: Namna ya Kukagua Nyaraka za Programu Huria

Mtu wa Rumonge, hapa Burundi, hanunui mawese kwa kutazama juu ya bidoni. Hutaka kujua kilichotuama chini. Nami nikipewa nyaraka za programu huria nizikague, sianzi na toleo jipya. Toleo jipya hupendeza karibu kila mahali: walioliandika bado wanalikumbuka, picha za skrini ni za juzi, viungo havijapata muda wa kuvunjika. Ninarudi nyuma miaka mitatu minne, nafungua toleo la wakati ule, na kuuliza swali moja: aliyebaki huku bado anahudumiwa, au ametelekezwa?

Huku nyuma ndiko tuliko wengi. Mtunza data wa kituo cha afya kule Gatete hachagui toleo la programu anayoitumia. Seva iko mbali na inasimamiwa na wengine, na kuisasisha kunangoja bajeti, mafunzo na ruhusa. Yeye ana kompyuta, mega alizonunua kwenye simu, na ripoti ya mwezi inayodaiwa. Akikwama na kuuliza intaneti, ataletewa maelezo ya programu yenye jina lilelile lakini yenye vitufe ambavyo kwake havipo. Anaweza kupoteza asubuhi nzima akitafuta menyu ambayo haijawahi kufika kwenye seva yao, na lawama akajitwika yeye mwenyewe.

Mfano ulio karibu nasi ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania mwaka 2013, na Burundi nayo inautumia. Siku hizi hutoa toleo kubwa takribani mara moja kwa mwaka, na wanaoutengeneza hutunza matoleo matatu ya mwisho tu. Nchi iliyochelewa miaka minne imekwisha kutoka kwenye huduma hiyo, ila kazi yake ya kila mwezi iko palepale. Nyaraka ndizo fundi pekee aliyebaki naye.

Jambo la kwanza la kukagua ni dogo na hushinda wengi: je, ukurasa unajitambulisha? Usiingie kwa mlango wa mbele. Tafuta neno kwenye mtambo wa utafutaji, dondokea katikati ya kitabu kama wanavyodondokea watu wote, kisha tazama bila kushusha skrini. Nambari ya toleo ionekane hapo. Kwa DHIS2 anwani yenyewe husema: ukiona dhis-core-version-241, uko kwenye 2.41. Ukiona dhis-core-version-master, ondoka haraka, isipokuwa uwe mtengenezaji. Master ni tawi linaloendelea kujengwa, na linaweza kueleza mambo ambayo bado hayajatolewa kwa mtu yeyote. Mtego wa aina hiyohiyo uko kwenye Read the Docs, jukwaa linalohifadhi nyaraka za miradi mingi huria tangu 2010. Kule, kwa kawaida, anwani yenye latest hubeba kazi inayoendelea, na yenye stable hubeba toleo la mwisho lililokwisha kutolewa. Mgeni huchukua ile ya kwanza kwa kuwa inasikika kama ndiyo bora. Mradi unaojali watu huandika onyo juu ya ukurasa; usiojali huacha kila mmoja ajifunze kwa maumivu.

Kisha vuka. Badilisha nambari ya toleo uone unatua wapi. Hapa ndipo nyaraka nyingi zenye sura nzuri zinapoaibika, kwa sababu ukichagua toleo jingine zinakurudisha kwenye jalada, uanze upya kutafuta sura uliyokuwa unaisoma. Ninaowavulia kofia ni PostgreSQL, kanzidata ambayo DHIS2 yenyewe imekalia. Kila ukurasa wa mwongozo wao una safu ya matoleo kwa juu: yanayotunzwa, linaloandaliwa, na yaliyopitwa. Ukibofya nambari unapelekwa kwenye ukurasa uleule wa toleo hilo. Pale ambapo ukurasa haukuwapo, nambari yake haionekani. Kwa hiyo ukikuta safu inaishia 14 na haishuki zaidi, umekwisha kujua kwamba ukurasa huo ulizaliwa pamoja na toleo la 14, wala hukuhitaji kumuuliza mtu. Mstari mmoja wa nambari unafanya kazi ya historia nzima. Sijaona mradi mwingine unaoifanya kazi hii kwa utulivu kiasi hicho, na kila toleo lao kubwa hutunzwa miaka mitano, jambo linalowafaa sana watu wanaosasisha polepole.

Sasa tuje kwenye kipimo kigumu, na nitakieleza kwa jambo la nyumbani. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015. Mwaka 2025 Burundi ikapunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, na Rumonge ikaingia katika mkoa wa Burunga. Mfumo wowote unaopanga takwimu kwa mikoa na tarafa unapatwa na shughuli mara moja: maeneo mawili yanakuwa moja, na takwimu za miaka ya nyuma lazima zipate pa kukaa. DHIS2 ina njia ya kuunganisha na kugawanya maeneo ya kiutawala, lakini njia hiyo ilikuja na toleo la 2.37. Fikiria mtu aliye kwenye 2.36. Amesikia kwa mwenzake wa Bujumbura kwamba jambo hili linawezekana. Anafungua nyaraka za toleo lake, anatafuta, hakuna. Hajui kama amekosea neno la kutafuta, kama jambo limehamishiwa sura nyingine, au kama halimo kabisa.

Ukimya huo ndio kasoro. Nyaraka zilizopangwa kwa matoleo zina udhaifu huu wa kuzaliwa nao: kila kitabu kinajua ya kwake tu, na kitabu cha zamani hakiwezi kutaja kilichokuja baadaye isipokuwa mtu arudi kukigusa. Dawa zipo mbili na fundi mzuri hutumia zote. Ya kwanza ni alama ndani ya maandishi. Tazama nyaraka za lugha ya Python: ukisoma kuhusu removeprefix, inayokata mwanzo wa neno, unaambiwa papo hapo kwamba iliongezwa katika toleo la 3.9. Kilichobadilika kina alama yake, na kinachoelekea kuondolewa kina yake. Msomaji wa kitabu kipya mwenye mashine ya zamani anajua pa kusimama. Ya pili ni mlango kutoka kitabu cha zamani kwenda ukurasa husika wa kipya, ili yule wa 2.36 aone kwamba jambo lake lipo, ila liko mbele yake kwa toleo moja. Hapo anaweza kwenda kwa mkuu wake na hoja mkononi: tukisasisha, kazi hii itafanyika kwa njia hii.

Upande wa kuondoa vitu ni mzito kuliko wa kuongeza. Mafundi waliounganisha programu zao na milango ya zamani (API) ya tracker, sehemu ya DHIS2 inayofuatilia mtu mmoja mmoja, walitangaziwa matoleo kadhaa kabla kwamba milango hiyo ingefungwa katika toleo la 42, na nyaraka zikawawekea sura ya kuhamia kwenye mlango mpya. Hiyo ni adabu. Ukikagua mradi, tafuta kitu kilichokufa, kisha rudi nyuma toleo baada ya toleo uone tangazo la ugonjwa wake lilianza wapi. Mahali ambapo kitu kipo leo na kesho hakipo, bila neno, usipeleke mfumo wa serikali.

Nambari zenyewe nazo zikague, maana miradi hubadili hesabu njiani. PostgreSQL ilikuwa ikihesabu 9.5 na 9.6 kuwa matoleo makubwa mawili tofauti, halafu kuanzia 10, mwaka 2017, nambari ya kwanza pekee ikawa ndiyo toleo kubwa. DHIS2 imetoka 2.41 ikaenda 42, na mgeni anaweza kudhani kuna matoleo arobaini yaliyopotea katikati. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza kazi Eldoret mwaka 2006, ina nambari ya jukwaa na nambari ya programu inayokaa juu yake, zote kwenye mashine moja. Programu ya simu ya DHIS2 nayo ina hesabu yake, mbali na ya seva. Nyaraka nzuri haziandiki tu kwamba jambo linahitaji toleo la 3. Zinasema la 3 la kitu gani, na linapatana na lipi la upande wa pili. Jedwali la upatanifu likikosekana, hesabu hilo ni pengo kubwa kuliko makosa yote ya tahajia.

Kuhusu mahali nyaraka zinapotunzwa, nina upendeleo wangu. Zikikaa tawi moja na msimbo, kama za PostgreSQL, kila toleo hukatwa likiwa na kitabu chake, na kiraka cha programu huja na kiraka cha maelezo. DHIS2 huweka za kwake kwenye hazina ya peke yake, jambo linalomrahisishia mfasiri na mkufunzi kuchangia bila kugusa msimbo, ila linadai mtu wa kukumbuka kusasisha maelezo kila msimbo unapobadilika. Zana za kujengea tovuti za nyaraka kama Docusaurus huchukua nakala ya mafaili yote kila toleo linapotoka. Ni rahisi, lakini kosa likigunduliwa lisahihishwe mara ngapi? Chukua sahihisho moja la karibuni uone kama lilifika pia kwenye vitabu vya nyuma vinavyotunzwa bado.

Matoleo ya kale kabisa yasifutwe. Kubernetes huonyesha la sasa na manne yaliyotangulia, kisha basi; najua sababu zao, ila sikubaliani. Django hufanya vizuri zaidi: huacha kitabu cha zamani kisomeke, na juu yake huweka bango la kusema toleo hili si salama tena wala halitunzwi. Msomaji anapata onyo pamoja na maelezo aliyoyafuata.

Sisi wa Rumonge tuna mambo mawili zaidi ya kuangalia. Tunasoma Kifaransa, na tafsiri huchelewa. Tafsiri isiyotaja ilifanywa kwa toleo gani ni hatari kuliko Kiingereza kitupu, kwa sababu inaaminika haraka. Kiswahili kilipopata Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi haikuweza kuishia siku ya uzinduzi. Kila toleo lililofuata la OpenOffice lilileta maneno mapya kwenye menyu, yakingoja mfasiri mwingine.

La pili ni karatasi. Pakua PDF ya toleo unalolitumia ukiwa mjini penye mtandao mzuri, kisha ifungue katikati, si kwenye jalada, kwa kuwa jalada ndilo hupotea kwanza kitabu kikianza kuzunguka mezani. Nambari ya toleo iwe kwenye kila ukurasa. Isipokuwapo, iandike kwa kalamu pembeni kabla ya kupiga fotokopi za kupeleka Gatete.