Trikuspidi Haikustahili Kuachwa

Vali ya mitra ya mgonjwa ilibadilishwa vizuri: vali ya bandia ilikaa sawasawa, mishono haikuvuja, kifuko cha atiria ya kushoto kikafungwa. Hongera kwa hilo.

Kosa lilifuata, na nyote mliotazama upasuaji ule kwenye skrini mliliona. Eko ya wodini ilionyesha trikuspidi ikivuja kwa wastani, pete yake imetanuka hadi milimita 44. Mgonjwa alipolazwa usingizi, eko ya kooni ikaonyesha uvujaji mdogo. Mpasuaji akaiamini hiyo ya pili. Akasema presha ya mapafu ikishuka, trikuspidi itajirekebisha yenyewe. Akafunga kifua.

Nimelisema hili miaka mingi na sichoki kulirudia: uvujaji wa trikuspidi haupimwi mezani. Dawa ya usingizi hulegeza mishipa, damu inayorudi moyoni hupungua, na vali inayovuja huonekana nzima. Mgonjwa akiamka, uvujaji unarudi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni upana wa pete, na ndiyo maana miongozo inataka kuikaza kufikiriwe inapofika milimita 40, mradi upande wa kushoto wa moyo tayari unafanyiwa kazi. Huyu alikuwa na 44, tena mapigo yake hayana mpangilio. Pete iliyotanuka kiasi hicho haina sababu ya kurudi ilikokuwa.

Imani ya kuiacha ina umri mkubwa. Mwaka 1967 Nina Braunwald, John Ross na Andrew Morrow waliandika kwamba wagonjwa wengi wanaobadilishiwa mitra wanaweza kuachiwa trikuspidi yao. Braunwald namheshimu sana; mwaka 1960 alimwekea mgonjwa vali ya mitra aliyoibuni mwenyewe. Ila kwa hili, waliokuja baadaye waliona mbali zaidi. Alain Carpentier aliipa vali pete ya bandia ya kuishikilia. Norberto De Vega, mwaka 1972, akaonyesha kwamba uzi peke yake unatosha kuikaza. Hivyo hata gharama ya pete ya bandia si kisingizio.

Watetezi wa kuiacha watanitajia utafiti wa 2022: ndani ya miaka 2, asilimia 14.1 ya waliokazwa pete waliwekewa betri ya moyo, dhidi ya asilimia 2.5 ya walioachwa. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini wale walikuwa na mitra iliyochakaa. Wagonjwa wetu wengi ni vijana walioharibiwa vali na homa ya baridi yabisi, wenye presha kubwa ya mapafu, na wana miaka mingi mbele yao. Kuwafungua tena baadaye kwa ajili ya trikuspidi, ini likiwa limeshavimba na miguu imejaa maji, ni hatari kubwa kuliko betri.

Wapasuaji vijana, pimeni pete mgonjwa akiwa macho, andikeni milimita kwenye faili, na uamuzi unaotokana na kipimo hicho msiubadilishe kwa picha ya usingizini.