Kanuni Inayoweza Kusomwa

Kabla lori la shaba halijaondoka Lubumbashi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, kuna hesabu ya mrabaha inayolihusu. Sheria ya madini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2002 ilitoza shaba asilimia 2 ya mauzo, baada ya kuondoa gharama za usafirishaji, bima, upimaji wa ubora na uuzaji. Marekebisho ya Machi 2018 yalipandisha kiwango hadi asilimia 3.5, yakafuta na makato yenyewe: kinachotozwa sasa ni thamani ghafi. Anayebadilisha 2 kuwa 3.5 kwenye jedwali lake na kuyaacha makato palepale hupata jibu linaloonekana sahihi, kumbe si sahihi.

Ndiyo sababu nawaenzi wanaoandika kanuni za hesabu nje ya programu, kwa lebo za XML na za MathML, lugha mbili zilizopitishwa mwaka 1998 na W3C, chombo cha viwango vya wavuti. MathML huandikwa kwa namna mbili. Moja huchora sura ya fomula tu: kipi kikae juu, kipi chini. Nyingine, ambayo ndiyo roho ya ufundi huu, hutaja tendo lenyewe: hapa zidisha, hapa toa, na kinachozidishwa ni thamani ghafi. Kisha XSLT, ya mwaka 1999, huichukua kanuni hiyohiyo na kuigeuza iwe fomula ya kusomwa na mwanasheria, na iwe msimbo wa kukokotolewa na mashine.

Kazi hii inataka subira. Sentensi moja ya sheria huweza kujaza ukurasa mzima wa lebo. Kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati mwaka huohuo wa 2018, ina kanuni yake ya asilimia 10. Kanuni ya shaba ya 2002 nayo haifutwi. Huwekewa tarehe ya mwisho, maana mkaguzi anaweza kuuliza kuhusu mauzo ya zamani.

Tuchukue shaba ya dola 1,000,000. Mrabaha wake ni dola 35,000: nusu ya serikali kuu, asilimia 25 ya jimbo, 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo, na 15, yaani dola 5,250, ya komini, sekta au uchifu ulipo mgodi. Makato ya dola 100,000 yakibaki yamejificha ndani ya fomula, wenyeji hao hupoteza dola 525 katika mauzo hayo pekee.

Wahasibu na waandishi wa programu wa Lubumbashi, wekeni kanuni zenu mahali ambapo karani wa sekta naye anaweza kuzifungua, akazisoma, akauliza.