Baridi ya Uongo

Picha zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa gemu Bukavu: HWMonitor imefunguliwa, prosesa inasoma nyuzi 62, na chini yake pongezi kwa fundi zinamiminika. "Angalia, mukubwa, iko baridi!" Wazoefu wa Nyawera na Kadutu huguna tu. Namba moja imeonyeshwa. Zile zilizopaswa kukaa kando yake zimekatwa pembeni.

Anayejua kusoma haanzi na joto. Huanza na kasi ya saa ya prosesa, akaenda kwenye wati, joto likawa la tatu.

Chukua i7-9750H, chipu ya laptopu nyingi za gemu za mwaka 2019. Kasi yake ya msingi ni gigahazi 2.6, turbo hufika 4.5 kwa kiini kimoja, 4.0 vikifanya kazi vyote sita. Sasa ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Turbo imekufa. Joto linaporomoka bila bisibisi kugusa skrubu, bila pasta mpya ya kupoza, bila vumbi kupulizwa. Mteja analipia "usafi", anabeba mashine yake baridi, na jioni gemu inasuasua asijue kwa nini. Safu ya kasi ingemwambia papo hapo: 2.6, 2.6, 2.6, dakika baada ya dakika. Chipu iliyoachwa huru haisomi hivyo. Hupanda, hushuka, hupanda tena. Mlaghai huomba dua safu hiyo isifunguliwe, na wateja wengi humwitikia amina bila kujua.

Hata wakubwa wamenaswa hapo hapo. Julai 2018 Dave Lee, mpimaji wa vifaa wa YouTube, alionyesha MacBook Pro mpya yenye Core i9 ikishuka chini ya kasi yake ya msingi ya gigahazi 2.9 alipotengeneza video. Aliiweka kwenye friza, na kazi ile ile ikaisha mapema zaidi. Baada ya siku chache Apple ilikiri kasoro kwenye programu, ikatoa marekebisho. Kilichoiumbua mashine ile ni kasi.

Kipimo cha mashine iliyotulia hakihesabiki. Kihisi cha Intel hupima umbali kutoka TjMax, kikomo cha joto cha chipu, ambacho kwa 9750H ni nyuzi 100, na kadiri unavyokwenda mbali nacho ndivyo usahihi unavyopungua. Kushindana nani ana 34 na nani ana 37 ni porojo. Kipimo cha chini ya nusu saa nacho si kipimo. Cha betri kitupwe kabisa, maana laptopu ikikosa umeme wa ukutani hujibana wati yenyewe. Na katika mji ambapo umeme wa Ruzizi hukatika bila hodi, picha za namna hiyo si haba.

Fundi mmoja mkongwe wa Ibanda hajali hata wastani. Hutazama viini kimoja kimoja: kimoja kikizidi wenzake kwa nyuzi 15, anafungua tena, kwa sababu bamba la kupoza limekaa upande au pasta haikuenea. Mafundi wa namna hiyo wanapungua. Enzi za programu ya SpeedFan kijana aliketi na daftari, akaandika kila baada ya dakika tano, na joto la chumba akaliandika pia.

La chumba ndilo wanalolisahau siku hizi. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14, kwa hiyo feni husukuma kidogo, ingawa inachovuta ni baridi. Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ni mita 770 na chumba huchemka. Laptopu ya nyuzi 88 kule inaweza kuwa imesafishwa vizuri kuliko ya 80 hapa. Toa joto la chumba kwanza, halafu omba picha nyingine, yenye wati.