Daraja Lililonyimwa Akili Yake

Katika mambo yote yaliyotendwa tangu watu waanze kuunganisha taa, vitasa na swichi za nyumbani na mtandao wa kompyuta, sijaona kosa lililo wazi kuliko lile la tarehe 15 Mei 2016, siku ambayo Nest, kampuni iliyonunuliwa na Google miaka miwili kabla yake kwa dola bilioni 3.2, ilizima huduma ya Revolv na kukifisha kwa mbali kila kisanduku cha jina hilo kilichokuwa ndani ya nyumba za watu. Wasomaji mliofuatilia habari ile mnajua jinsi ilivyokwenda; muradi wangu ni kuonyesha ni wapi hasa ufundi ulipopotoka, kwa sababu kosa lile bado linarudiwa, na watakaolilipia ghali zaidi ni sisi wakazi wa mahali kama Bafwasende, huku Kongo.

Tukitazame kisanduku chenyewe. Kiliuzwa kwa dola 299, pamoja na ahadi ya huduma ya maisha, na ndani yake zilipangwa redio saba ili taa ya Z-Wave, swichi ya Insteon na vifaa vya Wi-Fi, ambavyo kwa asili havifahamiani, vipate mkalimani mmoja. Kazi ya redio ilikuwa njema. Oktoba 2014 Nest ikainunua Revolv, ikasitisha mauzo papo hapo, ikawachukua mafundi wake; kisha, baada ya mwaka mmoja na nusu, ikatangaza kuwa programu ya simu haitafunguka tena wala kisanduku hakitafanya kazi.

Hapo ndipo ninapoomba msomaji atue na kutafakari. Siku ile ya Mei redio zilikuwa nzima. Taa zilikuwa nzima. Ruta ya nyumbani ilikuwa nzima. Na kati ya kisanduku na balbu palikuwa na masafa ya hatua chache tu, ambayo wimbi la redio huyavuka kabla mtu hajapepesa jicho. Kilichokosekana ni idhini ya seva iliyokuwa mbali, isiyomulika wala kufunga mlango wowote, bali iliyowekwa njiani ili amri ya mwenye nyumba isitimie bila yeye kujulikana kwa mwenye kampuni. Mtu akiwa sebuleni kwake, mkononi ana simu, juu yake pana balbu, hana tena mamlaka juu ya balbu ile. Na hilo halikuletwa na radi, wala mafuriko, wala uchakavu wa chuma, bali na uamuzi wa watu waliokaa mezani.

Je, palikuwa na njia nyingine? Naam, na haikuwa ngumu. Kabla ya kuzima seva, ingetolewa programu ya mwisho ya kukifungua kisanduku, kikasikiliza amri za mtandao wa ndani pekee. Au, kama hata hilo lilikuwa zito, yangechapishwa maelezo ya redio zake na funguo za mfumo wake, na mafundi wa kujitolea wangemaliza kazi iliyobaki. Kelele zilipozidi, wanunuzi walirejeshewa fedha, na Tume ya Biashara ya Marekani ikafunga uchunguzi wake mwezi Julai 2016. Kurudisha fedha ni insafu, wala siipingi. Lakini fedha hulipa bei ya kisanduku, haiondoi kanuni mbovu iliyokijenga. Ushahidi ni kwamba Aprili 2022 seva za Insteon nazo zikanyamaza bila onyo, na waliokuwa wamesahau Revolv wakashangaa upya.

Nimekwisha kulalamika mara nyingi juu ya balbu zinazodai akaunti, barua pepe na namba ya simu kabla ya kukubali kuamriwa kwa programu, wala sitaacha. Niliwahi kununua moja ya namna hiyo. Mnara wa simu ulipolala, nayo ikaacha kunitii ila kwa swichi ya ukutani, ilhali ruta yangu ilikuwa inawaka futi sita kutoka ilipo.

Watangulizi walifanya vizuri zaidi. Madaraja ya mitandao ya kampuni ya Digital, ambayo Radia Perlman aliyatungia kanuni ya mti mwaka 1985 ili fremu zisizunguke milele, yalisoma anwani ya mtumaji katika kila fremu, yakakumbuka iliingilia mlango upi, na yalipozimwa kisha yakawashwa yalijifunza upya bila kumwuliza yeyote. Mwaka 1999 Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper walitunga itifaki ya ujumbe ya MQTT kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyounganishwa kwa setilaiti, mahali ambapo kila baiti ina bei, wakakibana kichwa cha ujumbe mpaka baiti 2. Na karibu zaidi nasi, mita za umeme za LUKU za Tanzania na zile za tokeni za Kenya, zinazofuata kanuni iliyotoka Afrika Kusini katika miaka ya 1990, hupokea namba 20 na kuzihakiki zenyewe kwa ufunguo uliomo ndani yao, bila waya wala mnara: fundi aliyebuni mita ile alijua kuwa mtandao hukatika, akaiweka akili pale kazi inapofanyika.

Hata leo wapo wanaofuata njia hiyo: daraja la Philips Hue, linaloziamuru balbu zake hata intaneti ikikatika, na Zigbee2MQTT ya Koen Kanters, programu inayounganisha vifaa vya redio ya Zigbee na MQTT, ni kazi safi.

Sasa tuseme juu ya Bafwasende. Sisi tuko msituni, mashariki ya Kisangani, kwenye Barabara ya Taifa namba 4. Umeme wetu aghalabu ni wa sola au jenereta, na mega hununuliwa kwa kipimo. Kwa kuwa Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipewa leseni nchini Mei 2025, wenye uwezo wataanza kuunganisha pampu, taa na friji zao, na wauzaji watawaletea vile vile visanduku vya akili iliyo mbali. Wengi wetu hudhani Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja, sivyo. Ruta isiyo na intaneti hata chembe, Raspberry Pi inayokula wati chache za betri, kipokezi cha Zigbee na Mosquitto, programu ya kupitisha ujumbe wa MQTT, vinatosha kuendesha nyumba nzima, na mega ikiisha hakuna kinachozimika.

Basi nawasihi, kabla ya kutoa fedha, mwambieni muuzaji achomoe waya wa intaneti mbele yenu, kisha mbonyeze. Taa ikiwaka, nunueni. Isipowaka, mwachieni kisanduku chake.